Haki ya Asiyebainika

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyekipa kila kitu umbo lake kisha Akakiongoza, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, upo mji mdogo uitwao Crystal, wenye watu wapatao 23,000, nao ni katika vitongoji vya Minneapolis. Jirani yake wa kaskazini ni Brooklyn Park, ambako wamehamia watu wengi wa Afrika, wakiwemo Wakenya. Na katika Wasomali wa jimbo hilo, ambao ndio jamii kubwa ya Wasomali katika Marekani nzima, wamo wengi waliokijua Kiswahili walipokuwa wakimbizi nchini Kenya. Kwa hivyo Kiswahili na adhana si vitu vigeni katika mitaa hiyo. Tangu Oktoba 2018 mkaazi wa Minnesota anayeomba leseni ya udereva hukuta majibu matatu pahali pa jinsia: mwanamume, mwanamke, na herufi X. Kijana huko huweza kuendesha gari akiwa na umri wa miaka 16. Basi ikitokea kijana wa nyumba ya Kiislamu akarudi kwao na kadi yenye herufi hiyo, akasema kwamba yeye hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke, simu itapigwa usiku huo huo Maskati au Unguja, na ami au bibi ataulizwa: huyu sasa ni nani, na afanyweje?

Swali hilo lina sehemu mbili, na watu wengi huzichanganya. Sehemu ya kwanza inauliza huyu ni nani. Ya pili inauliza anadai nini kwa wazazi wake, ndugu zake na Waislamu wenzake. Wengi hudhani kwamba ya pili haiwezi kujibiwa mpaka ya kwanza imalizike. Mafakihi wa zamani hawakuona hivyo, na katika jambo hili walikwenda mbali kuliko wanavyodhaniwa.

Kwanza lazima ijulikane kwamba herufi X imekusanya watu wa aina mbili. Mtu wa kwanza kupewa paspoti ya Marekani yenye herufi hiyo, Oktoba 2021, alikuwa Dana Zzyym, askari mstaafu wa jeshi la majini, ambaye alizaliwa na mwili usiokuwa wa kiume wala wa kike kwa ukamilifu, akaishitaki serikali kwa miaka kadhaa kwa sababu fomu ilimtaka aseme neno asiloliona kuwa kweli. Huyo mafakihi wangemwita khuntha bila ya kusita. Lakini wamo pia, na huenda ndio walio wengi, ambao miili yao haina utata wowote, ila nafsi zao haziridhiki na jina la kiume wala la kike. Tangu Aprili 2022 paspoti hiyo ikawa inatolewa kwa kila aliyeiomba, wa namna hii na wa namna ile. Kisha Januari 2025 ikaja amri ya Rais kwamba serikali kuu itatambua jinsia mbili tu, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaruhusu amri itumike kwenye paspoti huku kesi yake ikiendelea. Jimbo la Minnesota halikufuata njia hiyo katika leseni zake. Ikawa mtu mmoja wa Crystal aweza kuwa na herufi moja mfukoni akiwa barabarani, na herufi nyengine akiwa kiwanja cha ndege. Mwenye akili ataona hapo kwamba kadi za serikali hubadilika kwa upepo wa siasa, wala si kwazo ambako Muislamu atapima utu wa mwanawe, sawa kadi hiyo ikimpendeza au ikimchukiza.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili kimeshaliondoa jambo hili. Katika baadhi ya skuli za Marekani watoto huulizwa waitwe kwa kiwakilishi kipi, cha kiume, cha kike au cha wengi. Na Mswahili husema tu amekuja, amekula, amelala, asijulikane mwanamume wala mwanamke. Hilo ni kweli, na ni rehema ndogo ndani ya lugha. Lakini lugha haimfikishi mtu mbali. Msikiti una milango miwili. Ndugu huitwa kaka au dada. Mirathi ina mafungu. Na maiti akishalazwa mbele ya imamu, dua husomwa kwa Kiarabu, na Kiarabu hakikubali kusitasita: ni yeye wa kiume au yeye wa kike. Huko ndiko swali linakomngojea Mswahili.

Mwenyezi Mungu Ametaja katika Surat Shura, aya ya 49 na ya 50, kwamba Yeye Huumba Atakacho, Humpa Amtakaye watoto wa kike, na Humpa Amtakaye watoto wa kiume, au Huwachanganya, na Humfanya Amtakaye kuwa tasa. Wakatokea watu zamani wakasema: maadamu aya imegawa mafungu, basi hapana kiumbe wa tatu, na khuntha hayupo. Kadhi wa Andalusi, Abu Bakr Ibn al-Arabi, aliyefariki mwaka 1148, aliwajibu kwa ukali kwamba huo ni ujinga wa lugha na ufinyu wa kuufahamu uwezo wa Mola, kwani aya imeanza kwa kusema kuwa Huumba Atakacho, na kutajwa kwa lililo la kawaida hakukanushi lililo nadra. Kisha akaeleza jambo lenye uzito kuliko hoja yenyewe. Alipokuwa akitafuta elimu Mashariki alisoma pamoja na mwanafunzi aliyetoka Maghribi, asiyekuwa na ndevu, mwenye matiti, na aliyekuwa na kijakazi. Walikaa pamoja muda mrefu. Haya ikamzuia Ibn al-Arabi asimuulize hali yake, na alipokuwa mtu mzima alitamani lau angemuuliza.

Na izingatiwe picha hiyo. Darasa la wanavyuoni, na ndani yake ameketi mtu ambaye hapana aliyejua ni mwanamume au ni mwanamke. Hakutolewa nje mpaka abainike. Kitabu kilifunguliwa, akasoma kama walivyosoma wengine. Elimu ilikuwa haki yake, na haki hiyo haikungojea jibu.

Hata kabla ya Uislamu Waarabu walilijua jambo hili. Ibn Hisham ameeleza katika Sira habari za Amir bin Zarib al-Adwani, aliyekuwa hakimu wa Waarabu, wasiokuwa na mzozo mkubwa ila humpelekea. Aliletewa khuntha, akaulizwa arithi fungu la kiume au la kike. Akaomba muda. Usiku hakulala. Alikuwa na kijakazi aliyemchungia mbuzi, jina lake Sukhayla, ambaye siku zote alimlaumu kwa kuchelewa kuwatoa mbuzi asubuhi na kuchelewa kuwarudisha jioni. Kijakazi akamwona bwana wake anagaagaa, akamuuliza, akafukuzwa, akauliza tena, mwisho akaambiwa. Akasema kwa wepesi kwamba ifuatwe njia ya mkojo: akikojoa panapokojolea mwanamume ni mwanamume, na panapokojolea mwanamke ni mwanamke. Hakimu akafarijika, na tangu siku hiyo akamruhusu achelewe asubuhi na jioni apendavyo. Mafakihi wa Kiislamu wakaikubali alama hiyo, wakaongezea nyengine zitokeazo wakati wa kubaleghe: ndevu, hedhi, matiti, kushusha manii. Na huyo ambaye alama zake zote zimegongana au zimekosekana wakamwita khuntha mushkil, yaani aliyetatiza.

Neno hilo, mushkil, ni la kupendeza kwa uaminifu wake. Fakihi aliyesoma miaka 40, mwenye dalili na kiasi, anafika pahali anasema: hapa sijui. Lakini hakusema: kwa kuwa sijui, na akae nje.

Katika mirathi jambo hili linaonekana kwa hesabu. Na ichukuliwe kwamba baba amefariki akaacha watoto wawili tu, mmoja mwanamume na mmoja khuntha mushkil, na tereka yake ni riyali 12,000. Lau khuntha ni mwanamume, kila mmoja angepata 6,000. Lau ni mwanamke, angepata 4,000 na kaka yake 8,000. Mafakihi wamekhitalifiana. Wako waliosema apewe fungu lililo dogo, ambalo ni la yakini, na khilafu ifungwe hapo. Na hii ni kauli ya Abu Hanifa. Mashafii wakasema kila mmoja apewe la yakini yake, khuntha 4,000 na kaka yake 6,000, na zile 2,000 zilizobaki ziwekwe, asizile mtu, mpaka ibainike au wasuluhishane. Na wako waliosema achukue nusu ya fungu la kiume na nusu ya fungu la kike, nayo ni kauli mashuhuri kwa Malik; basi khuntha atapata 5,000 na kaka yake 7,000. Kauli ni mbalimbali, na mwenye kutaka kuzipima atazipata kwenye vitabu. Lakini hapana hata mmoja katika hao aliyesema asirithi mpaka ajulikane. Wote walikaa chini wakafanya hesabu.

Vivyo hivyo katika sala. Jumhuri ya wanavyuoni wamemweka khuntha nyuma ya safu za wanaume na mbele ya safu za wanawake. Wametunga safu ambayo haikuwepo. Pengine atasimama peke yake humo, na hilo si jepesi kwa moyo wa binadamu. Ila ni safu, ndani ya msikiti, nyuma ya imamu yule yule.

Haifai kuficha kwamba ihtiyati hiyo ina gharama, na gharama yenyewe humwangukia khuntha. Katika ndoa mafakihi wengi walimzuia asiolewe wala asioe maadamu bado ni mushkil. Katika sitara walimtaka ajisitiri kama mwanamke. Katika mafungu, ile kauli ya fungu dogo inampunguzia yeye na kumzidishia ndugu yake. Mara nyingi shaka ya watu hulipwa na yule anayetiliwa shaka. Mwenye kusoma milango hii kwa insafu ataona pia kwamba mafakihi walijua uzito huo, ndiyo maana walihimiza utata uondolewe kila inapowezekana, na leo uwezo wa kuuondoa ni mkubwa kuliko zama zao.

Hapa wazazi wa Ghuba wana jambo la kulijua kabla ya mengine. Katika sababu kubwa za mtoto kuzaliwa na tupu isiyobainika ni maradhi ya kurithi ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo humfanya mtoto wa kike azidiwe na homoni za kiume tangu tumboni. Kwa jumla humpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hivi, lakini kwa kuwa hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, huzidi pale watu wanapooana mtu na binamu yake kizazi baada ya kizazi. Namna yake kali humpotezea mtoto chumvi mwilini. Hutapika, hunyauka, na huweza kufa katika wiki za mwanzo za uhai wake ikiwa hakutibiwa. Katika majimbo yote ya Marekani watoto wachanga hupimwa maradhi haya kwa tone la damu. Basi familia inayoficha mtoto kwa aibu, ikingojea kuona atakuwa nini, inaweza kumpoteza kabla ya kuona chochote. Haki ya dawa nayo haingojei jina.

Kuhusu upasuaji, Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilitoa uamuzi mwaka 1989: aliyekamilika viungo vya kiume au vya kike haijuzu kumgeuza, na aliyekusanya alama za pande mbili huangaliwa lililozidi, na huruhusiwa kutibiwa kwa dawa au kwa upasuaji ili uondoke utata, kwani hayo ni matibabu na si kubadilisha maumbile. Uamuzi huo umewafaa wengi. Lakini kuruhusu si kuharakisha. Mtoto mchanga hasemi, na kisu hakirudishi kilichokatwa. Na wako waliopasuliwa utotoni upande mmoja, kisha walipobaleghe miili yao ikaelekea upande wa pili. Pasipokuwa na hatari ya maradhi, subira ya mzazi hapo ina uzito wa ibada.

Afrika Mashariki imeonyesha linalotokea haki inapofanywa ingoje jibu. Nchini Kenya mwaka 2009 alizaliwa mtoto jijini Nairobi, na waganga walipofika pahali pa jinsia katika karatasi zake wakatia alama ya kuuliza. Alama hiyo moja ikatosha kumkosesha cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti huzuilika skuli, kitambulisho na mengineyo. Mama yake akaenda mahakamani, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaiamuru serikali iangalie namna ya kuwasajili na kuwalinda watoto kama hao. Miaka minne kabla, katika kesi ya mfungwa aliyekuwa na mwili wa namna hiyo, Mahakama Kuu ilikataa kutambua jinsia ya tatu, lakini ikaamuru alipwe shilingi 500,000 kwa udhalilishaji alioupata gerezani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ikawahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja kwa uwazi. Hayo yote yalihitaji miaka 13 tangu ile alama ya kuuliza. Fakihi wa karne za mwanzo angalimpa mtoto yule fungu lake la mirathi siku aliyofiwa.

Sasa irudiwe habari ya kijana wa Crystal, ambaye huenda mwili wake hauna utata wowote. Je, milango ya khuntha inamhusu?

Wako wanaokimbilia kusema ndiyo, wakaitumia milango hiyo kama hati ya kila dai. Hilo si sahihi, na fiqhi haikubali. Mafakihi walitazama mwili kwanza, na palipokuwa na alama wazi hawakuiacha kwa ajili ya neno. Kinachofanana zaidi na hali ya kijana huyo ni mlango wa mukhannath, mtu aliyezaliwa mwanamume na ambaye mwendo wake, sauti yake na tabia zake ni za kike. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amewagawa hao mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo, naye hana lawama wala dhambi wala adhabu, kwani hakujitakia, na mwenye kujitia kusudi kuiga, naye ndiye aliyelengwa na Hadithi za kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Fungu la kwanza husahauliwa sana katika vikao vya familia.

Na katika mlango wa khuntha wenyewe pana jambo ambalo wachache hulitaja. Mashafii wamesema kwamba alama za mwili zikikosekana kabisa, khuntha aliyebaleghe huulizwa moyo wake unaelekea wapi, na neno lake hukubaliwa. Wakashurutisha kwamba aeleze anachokikuta katika tabia yake kwa kweli, si kwamba achague apendalo. Na akishasema hawezi kurudi. Na akisema kwamba haelekei upande wowote, au anaelekea pande zote mbili sawasawa, hubaki mushkil, na hukumu za mushkil zikaendelea juu yake. Kwa hivyo yule asemaye sijioni huku wala kule si mtu asiyewahi kusikika. Fakihi alimsikia, akamwandikia hukumu, ingawa ni kwa mwili ulionyamaza tu. Tofauti baina yake na kijana wa Crystal ni kubwa, lakini aliyesema kwamba hapana mtu timamu anayeweza kujihisi hivyo hakusoma vitabu vya dini yake.

Hapa pana faida ya kulielewa neno moja la Waibadhi. Wanavyuoni wao wamefundisha kwamba Muislamu na mwenziwe wako katika moja ya hali tatu: walaya, nayo ni kumpenda na kuungana naye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kwa wema wake uliothibiti, baraa, nayo ni kujitenga naye kwa uovu wake uliothibiti, na wuquf, nayo ni kusita kwa asiyejulikana hali yake. Asli ya wuquf ni katika dini ya mtu, wala haifai kuichukua ikawa hukumu ya miili na jinsia. Ila adabu iliyomo humo ndiyo inayokosekana usiku ule simu inapolia. Mwenye kusita hajakubali wala hajakataa. Amekataa tu kuutangulia ujuzi wake. Na Waibadhi hawakusema kwamba aliyesimamiwa hukumu yake aachwe. Hutolewa salamu, huzuriwa akiugua, hurithi na kurithiwa, na huzikwa na Waislamu, kwani haki hizo zimebebwa na shahada yake, si na ukamilifu wa habari zake.

Mzazi wa Crystal aweza basi kumwambia mwanawe kwa uwazi kwamba halikubali jina alilojipa, na kwamba sharia haijui herufi hiyo kwa mwenye mwili uliobainika. Kusema kweli ni wajibu wake, na kijana anayependwa hustahamili kuambiwa kweli. Lakini chakula, kitanda, ada ya skuli, daktari, kuitikiwa salamu na kulindwa na mikono na ndimi za jamaa haviko chini ya mjadala huo. Imepokewa katika Abu Daud, ingawa baadhi ya wanavyuoni wameidhoofisha isnadi yake, kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa mukhannath aliyejitia hina mikono na miguu, akamtoa mji akampeleka Naqii, wakauliza kama wamuue, akajibu kwamba amekatazwa kuwaua wenye kusali. Wazungumzaji wa leo hukumbuka kutolewa mji, wakasahau jibu.

Kuna pia ulimi. Khuntha na khanith na mukhannath ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kupinda na kulainika, na kwa mzizi huo huo Hadithi imekataza kuupinda mdomo wa kiriba na kunywea hapo. Watu wa Oman hawawezi kusema kwamba maneno hayo yamewajia na ndege kutoka Marekani. Mwanachuoni wa Kinorwe, Unni Wikan, aliyekaa Sohar katika miaka ya 1970, aliandika mwaka 1977 juu ya watu wa mji huo walioitwa khanith, waliozaliwa wanaume wakawa wanakaa na wanawake, na kila mtaa ukijua habari zao. Na wenzake wakabishana naye kwa miaka juu ya namna alivyowaeleza. Kwa Kiswahili cha pwani, huntha limebaki neno la kamusi na hanithi limekuwa tusi. Tusi hilo hurushwa mbele ya watoto bila ya kuangaliwa linamwangukia nani: mwenye maradhi ya tezi, asiyejaaliwa nguvu za kiume, mwenye sauti nyembamba, au yule aliyechanganyikiwa nafsi yake na anayekaa kimya mezani. Surat Hujurat imekataza kuitana majina mabaya, na katazo hilo halikutoa mtu.

Na safari ya mtu yeyote haiishii Crystal wala Maskati. Mafakihi walimfuata khuntha mushkil mpaka kwenye ubao wa kuoshea. Wakauliza nani atamwosha, maana mwanamume huoshwa na wanaume na mwanamke huoshwa na wanawake. Wakasema maharimu wake wamwoshe. Na asipokuwa na maharimu, wengine wakasema atayamamishwa kwa kitambaa mkononi, na wengine wakasema humiminiwa maji juu ya nguo zake, asifunuliwe. Wakasema avishwe sanda ya nguo tano, kama mwanamke, kwa sababu kumzidishia sitara hakumdhuru akiwa ni mwanamume. Likabaki lile la dua, na kiwakilishi chake. Wakasema kwamba asiyejulikana huombewa kwa kiwakilishi cha kiume ikakusudiwa maiti, kwani neno maiti kwa Kiarabu ni la kiume. Au kwa kiwakilishi cha kike ikakusudiwa janaza, kwani hilo ni la kike. Na sala ni sahihi kwa yote mawili. Imamu ataanza takbiri, na safu zitamfuata.

Wallahu aalam.